Sitroeni, Pijo na Sufuria ya Samaki

Alhamisi, 9 Aprili 1970
Baba ananunua gari. Yamebaki mawili: Sitroeni DS ya daktari Mbelgiji anayerudi kwao, na Pijo 404 ya Bwana Abibu, muuza vitambaa. Baba ameahidi: kati yangu na Alphonse, mdogo wangu, atakayemshawishi ndiye atakayefundishwa kuendesha kwanza. Mimi nataka DS. Usukani nautaka zaidi. Nimeandika kurasa sita za kulinganisha. Alphonse hajaandika neno.

Ijumaa, 10 Aprili
Nimemsomea Baba kurasa nne. Kwenye breki akasinzia. Alphonse akasema tu kwamba 404 hubeba magunia manne ya makaa na kila fundi wa mtaa wa Kenya hapa mjini anaijua. Baba akaamka! Sentensi moja! Kesho magari yote mawili yanaletwa uani. Lazima Baba aone kwa macho yake: DS hujiinua yenyewe.

Jumamosi, 11 Aprili
Mwanzo mzuri sana. Daktari akawasha, DS ikanyanyuka, nyuma kwanza, kama ng'ombe. Majirani wakapiga makofi. Nikachukua sufuria ya Mama, imejaa samaki wa Kasenga wa kuwalisha wageni, nikaisukuma chini ya gari. Ikapita! Nikaiacha palepale, iwe ushahidi. Baba akasema petroli isiungue bure. Daktari akazima, akaenda na ufunguo wake kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Sisi tukageukia 404.

DS ikizimwa hushuka. Polepole. Nimeliandika hilo mwenyewe, ukurasa wa tano.

Mama akaulizia samaki wake. Alphonse akainama, akaniita kwa kelele mimi mkubwa wake: "Yaya! Motokari yako iko nakula samaki!"

Tuliiinua kwa jeki ya 404. Wageni walikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo tu. Mama alinikabidhi sufuria iliyopondeka. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 12 Aprili
Pijo ni yetu tangu jana jioni. Alphonse ametupeleka kanisani kwa gia ya kwanza, njia nzima, Baba akimsifu. Nilikaa nyuma, sufuria mapajani. Baada ya misa tuliipitisha kwa fundi wa kuinyoosha.

Jumatatu, 13 Aprili
Nimefikiri kwa utulivu. Gari halikuwa na kosa. Sufuria ilikuwa ndefu mno.

DS bado haijauzwa. Mjomba Kalaba wa Sakania anatafuta gari, na hajui kuendesha, atahitaji mtu wa kumwendesha. Nimemwandikia aje Jumamosi. Jirani yetu Honorine ana sufuria fupi. Ameniuliza nitairudisha lini. Nimemwambia Jumamosi, mchana uleule, na samaki ndani.