Mji wa Marekani Uliotangazwa Kukamilika Kabla ya Wakati

Kwa Dada Mwenye Duka la Kuchapa na Kutoa Kopi,
Mkabala na Fundi Viatu.

Dada Mpendwa,

YAH: KUTANGAZWA KWAMBA MJI WETU WA KARATASI UMEKAMILIKA

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo katikati ya mashine zako. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hili ninalokuandikia. Mimi ni yule mama anayekuja na mtoto mgongoni akiwa na mzee mwenye kofia ya bluu. Mzee ni baba mkwe wangu. Mtoto ni wangu, na ndiye aliyetafuna kona ya kalenda yako. Kwa hilo nilishaomba radhi, silirudii.

Juzi, mbele yangu, Baba alikuuliza kama kwenye mtandao yamebaki majengo mengine ya Kimarekani ya kuchapa, kukata na kubandika. Wewe, bila hata kuinua uso kwenye kompyuta, ukamjibu, "Mzee wangu, kurasa za bure ndizo hizo zote. Mji wako umekamilika, hongera." Dada, najua ulisema kwa nia njema. Lakini jioni ile ile Baba alishusha begi lake kutoka juu ya kabati.

Inabidi nikueleze, maana wewe unaona kurasa tu. Baba alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kupunga bendera. Mama mkwe alipofariki alikuja kwetu apumzike kidogo, na kwenye rundo la midoli ya mitumba akaokota treni ya betri. Ina kengele, ina chuma cha mbele cha kusukumia ng'ombe, na ubavuni imeandikwa Marekani kwa herufi za dhahabu. Mume wangu akasema tuizungushie nyumba za maboksi ya sabuni, yatosha. Baba akakataa. Alisema tangu aanze kazi hajaruhusu treni isimame stesheni isiyo yake, na hataanza uzeeni. Treni ya Marekani itasimama Marekani. Ndipo tukaja kwako kutafuta majengo.

Siku hiyo hiyo alitutangazia: "Mji ukikamilika, mimi narudi kwangu. Sitaki kuwa mzigo." Huko kwake ni nyumba ya vyumba vitatu na hakuna mtu hata mmoja. Mume wangu amemwambia akae. Akajibiwa kwamba gadi habaki stesheni treni ikiwa tayari kuondoka. Kwa hiyo, Dada, hapa hakuna cha kubembeleza. Kilichopo ni kuonyesha kwamba treni haiko tayari, na sababu zangu ni hizi zifuatazo:

1. Mji hauna zahanati. Nimeukagua mwenyewe nikiwa na mtoto kiunoni. Kuna baa mbili, benki, jela, ofisi ya mkuu wa polisi mwenye nyota, kanisa, na duka la majeneza. Yaani mtu wa mji ule anaweza kulewa, akaiba, akafungwa, akatubu na akazikwa vizuri kabisa, ila hawezi kuzaliwa. Mimi nimejifungua hata mwaka haujaisha, mambo hayo bado ninayakumbuka mwilini. Ninauliza kwa upole: wanawake wa pale wakishikwa na uchungu wanapelekwa wapi, jela?

2. Nyumba zote ni za mbele tu. Nilipiga magoti nikamulika nyuma kwa tochi ya Baba. Mbele kuna vioo, mapazia, ubao wa jina, na ukuta uliopanda juu kuliko paa lenyewe, kama mtu anayesimamia vidole akipigwa picha. Nyuma ni karatasi ya manila nyeupe tu. Hakuna jiko. Hakuna choo. Hakuna hata kamba ya kuanikia nguo, na wale watu wa plastiki waliokuja na treni wote wamevaa mashati meupe. Nani anayafua, na anayaanika wapi? Nilipomuuliza Baba alifikiri mpaka gundi ikamkaukia kidoleni, kisha akasema, "Hilo la kamba, mwanangu, hilo ni la msingi." Hiyo ni kauli ya mtu wa reli, Dada, si yangu.

3. Shule hakuna. Hili halihitaji maelezo.

4. Treni haiendi popote. Inatoka stesheni, inapita jela, inazunguka kopo la gundi, inarudi stesheni ile ile. Baba anapuliza filimbi, binti yangu anapiga makofi, sote tunafurahi, lakini kwa haki, abiria aliyekata tiketi amefikishwa wapi? Huo si usafiri, ni kizunguzungu. Kwa hiyo inatakiwa stesheni ya pili. Stesheni haiwezi kukaa porini peke yake, kwa hiyo unatakiwa mji wa pili, nao uwe na zahanati yake, shule yake na kamba zake. Meza yetu ya chakula imeshachukuliwa na mji wa kwanza. Sisi tunakula chini na hujasikia tukilalamika. Mji wa pili utakaa juu ya kitanda chetu. Nilimweleza mume wangu, naye ni mchomelea mageti, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mke wangu, yaani tulale sakafuni ili Marekani ipate nafasi?" Nikamjibu kwamba si Marekani ninayoitafutia nafasi. Baadaye nikamwona anapima kitanda kwa futi yake ya kazini.

5. Hili la mwisho halihusu majengo, ila ninaliweka kwa sababu nambari bado zipo. Binti yangu Baba anamwita Abiria. Halali mchana mpaka babu yake apulize filimbi polepole na kusema, "Abiria wote wakae vitini." Hapo macho yanajifumba yenyewe. Siku moja Baba alipokwenda kunyoa, nilijaribu mimi. Filimbi ile ile, maneno yale yale. Mtoto alinitazama kama mtu aliyepanda bila tiketi, akalia mpaka babu aliporudi na kichwa chake kinang'aa.

Kutokana na hayo, ninaomba kwa heshima zote ufute kauli yako, tena mbele ya Baba mwenyewe, ukiwa umeinua uso. Mtandao ni mkubwa, na siamini kwamba Marekani nzima inaenea kwenye meza yangu. Tafuta zahanati. Tafuta shule. Ukikosa, mwambie mtandao unasumbua. Sikutumi useme uongo, maana mtandao husumbua kweli. Na hata ukizipata zote, tafadhali usimpe kwa mkupuo. Mpe jengo moja moja, kama dawa. Kanisa lilimchukua muda mrefu kuliko yote kwa ajili ya mnara, kwa hiyo ukiona zahanati yenye mnara usiiache ikupite.

Nisalimie fundi viatu, yule mama anayekusaidia kukata picha za vitambulisho, na watoto wako wote. Isalimie pia ile mashine kubwa inayokwama karatasi kila mara. Wengine wanaitukana, lakini mimi ninaihesabu kuwa rafiki yangu.

Ni mimi mteja wako, nikiwa na matumaini,
Mama Abiria.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Sasa hivi Baba ameniita mezani, rula mkononi, sura nzito kama mtu anayetangaza ajali. "Mwanangu, tumeharibu," akasema. "Mji wote umetoka mdogo. Milango hii kondakta hapiti. Itabidi tuchape upya, tuanzie stesheni." Begi amelirudisha juu ya kabati, eti linaziba njia. Alipokwenda kunawa gundi, nilimchukua yule kondakta wa plastiki nikamsimamisha mlangoni pa stesheni. Anapita. Anapita na kofia yake kichwani. Baba aliporudi na taulo nikamwambia, "Kweli, Baba, hapiti."

Kwa hiyo zahanati, shule na mji wa pili tuviache kwanza, na malalamiko yangu yote ya hapo juu ninayafuta. Ninachoomba ni uchape upya kurasa zote tangu mwanzo. Na Dada yangu, uzichape kwa ukubwa ule ule.