Bitundu Ine mu Kabwato ka Patron

Bandugu, leo nilipata haya mubaya. Byatu bingali na mayi.

Miye munanijua, fundi wa pompi chini mu shimo ya shaba. Miaka kumi na mbili ninaondosha mayi. Basi, patron wetu, mukubwa wa mugodi, iko na kabwato ka tanga. Mawimbi ikipiga, mayi inajaa fasi banaikala, na bitundu mbili bidogo bya nyuma binaitosha inje polepole. Akaniita: "Citoyen, utengeneze hii mambo. Ukifaulu, ile nyumba ya byumba tatu mu kampi ya bafanyakazi ni yako."

(Kwetu Likasi tuko bantu munane mu chumba kimoja. Bibi yangu Ngalula alikimbia ku soko siku ile ile kununua kitambaa ya mapazia.)

Mu shimo, mayi tunaitafutia fasi ya chini kabisa, tunatoboa pale. Njo nikafanya vile. Bitundu ine, bikubwa, katikati ya sakafu ya kabwato. Pa atelye, fasi ya kutengenezea, kabwato kakiwa juu ya miti, tulimwanga ndoo kumi za mayi. Mayi ikapotea mara moja. Benzangu bakapiga makofi. (Na miye nikainama kushukuru. Mujinga.)

Leo asubui tukafika pa ziwa. Patron na abacost yake nyeupe, ile suti ya bakubwa. Ngalula na kitambaa mu kitunga, anataka kuonyesha bibi wa patron ile rangi.

"Panda na weye, citoyen."

Nikapanda. Bakatusukuma, upepo ikatuvuta kidogo. Mayi ikapanda kupitia bitundu byangu, byote ine.

"Ni nini hii?"

"Patron, ni ya mwanzo tu. Itashuka."

"Itashuka kwenda wapi? Chini yetu ni ziwa."

Miaka kumi na mbili ya mayi, na hii sikuiwaza hata kidogo! Nikaziba bitundu mbili na bisigino byangu. Patron akaziba mbili na byake, abacost mu mayi mpaka kiuno. Tukaikala vile, magoti kwa magoti, hakuna wa kushika kasia. Kule pembeni bantu banaseka mpaka banalala chini.

"Ulipashwa kupanua bile bya nyuma," akaniambia polepole. "Bile biko juu ya mayi."

Ngalula njo alituokoa. Akaingia ziwani mpaka kifua, kitunga juu ya kichwa. Akapasua kitambaa bipande ine, akanipa kimoja kimoja, nikaziba bitundu.

Nyumba itaenda kwa muntu mwengine. Mapazia iliingia muzuri sana, lakini mu kabwato. Munihurumie leo, museke kesho.