Shukrani za Ukurasa Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Makala yangu imetoka mtandaoni! Saratani ya tumbo, kurasa sita. Shukrani peke yake: ukurasa mzima.

Mke wangu kaisoma huku akipiga pasi. Kauliza mbona shukrani ni ndefu kuliko matokeo. Nimemweleza kwamba huo ndio ujanja wenyewe. Mtafiti hupimwa kwa wenzake wanaomnukuu. Mimi nanukuliwa sana, ila na mimi mwenyewe. Basi nimewashukuru mabingwa wote wa saratani ya tumbo, hata wasionijua. Mtu ukimshukuru hadharani ataona haya kukupita. Atakunukuu tu.

Kauliza yeye yuko mstari wa ngapi. Nimesema nafasi ilikuwa finyu. Kaniachia pasi nimalizie mashati yangu mwenyewe.

Bingwa mmoja tu nimemruka: Jirani, wa maabara ya mlango wa pili. Huyo ananukuliwa kama methali. Lakini mwaka jana alizihamishia sampuli zangu rafu ya chini ya friza bila hata kubisha hodi. Asante yangu ataisikia kwenye bomba.

Jumatano, 5 Machi

Maafa! Kaniita Katibu wa kamati ya kupandisha vyeo. Mama mpole, miwani inaning'inia shingoni. Kasema kanuni haina mchezo: niliyemshukuru kwenye makala hawezi kunitathmini, maana ataonekana mtu wangu. Barua zote za mabingwa alizokwisha kupokea kunihusu hazifai tena. Imebidi atafute bingwa ambaye sijamshukuru. Kampata.

Jirani!

Nimeomba maji. Kanipa. Nilipomwambia asante, kashtuka.

Na hii ndiyo mara yangu ya mwisho kuomba uprofesa. Nikikosa, maabara yangu inageuzwa stoo ya viti vibovu, nami nabaki kufundisha mwaka wa kwanza mpaka nistaafu. Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi nilimwaga sifa tu!

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya: wema wa kimyakimya. Nimemwachia Jirani rafu ya juu ya friza. Nimemfungulia kila mlango, hata wa choo. Nimecheka kichekesho chake kabla hajakimaliza. Kaniuliza kama naumwa. Nimesema hapana, namheshimu tu. Kaenda moja kwa moja kuhesabu sampuli zake.

Jumanne, 11 Machi

Katibu kanisomea barua ya Jirani.

Kwanza kaandika kwamba wanaoninukuu ni wachache kiasi cha kutia huruma. Nikajua basi, viti vibovu hivyo vinakuja. Kisha kaitaja ile makala yangu ya zamani, iliyoonyesha kwamba dawa moja iliyosifiwa sana haiigusi kabisa saratani ya tumbo. Watu walinicheka wakati ule, eti nimegundua kwamba sijagundua kitu. Kumbe Jirani aliisoma! Aliyaacha majaribio yake ya dawa hiyo kesho yake, kabla mgonjwa hata mmoja hajapewa. Wengine nao wakaacha. Kaandika kwamba aliyeziba njia mbovu hanukuliwi, kwa kuwa hakuna anayepita tena huko. Anapendekeza nipewe uprofesa.

Nimelia palepale ofisini, wala sikuona haya. Mama yangu mzazi aliondoka kwa ugonjwa huo, amemeza kila alichoambiwa kitamsaidia. Laiti angeisikia barua ile. Ahsante, Mungu wangu. Ahsante, Jirani.

Katibu kanisisitizia jambo moja: Baraza la chuo linatia saini Jumatatu. Hadi hapo nitulie, nisifanye lolote. Nimemwahidi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetulia mpaka nimechoka. Mtu afanyiwe wema mkubwa vile, anyamaze? Moyo usio na shukrani hukausha mema yote.

Nimemwandikia mhariri wa jarida. Nimemwomba aongeze jina la Jirani kwenye shukrani, herufi kubwa, juu ya mabingwa wote: bila yeye nisingekuwa kitu. Na mke wangu pia, mstari wa mwisho. Mhariri kanikubalia bila maswali, Mungu ambariki. Imetoka mchana huu! Wajumbe wa Baraza wataisoma kabla ya Jumatatu, waone nilivyo mtu wa adabu.

Nimemwonyesha mke wangu mstari wake. Hakufurahi nilivyotarajia. Kauliza ile kanuni ya Katibu ilikuwa inasemaje vile. Nimemwambia hiyo iliwahusu wale wa mwanzo, huyu Jirani alikwisha kuandika barua yake. Kashika kichwa. Furaha hiyo, imemzidi.

Simu inaita tena. Katibu. Tangu saa kumi hajapumzika. Sipokei, najua anataka kunipongeza mapema, na pongezi za mapema zina nuksi. Lakini mama wa watu amehangaika nami kweli.

Nimemwandikia tena mhariri. Katibu naye apate mstari wake.