Kiti cha Kushoto kwa Profesa

Jumatatu, 9 Juni

Idara yetu ya Sosholojia inatimiza miaka hamsini Ijumaa hii. Mgeni rasmi ni Profesa! Yule mwanamama niliyegawana naye ofisi tukiwa wahadhiri wachanga, kabla hajapanda ndege kwenda ng'ambo akaniachia birika. Kila saa ya chai alinisikiliza, kidevu mkononi, kisha akauliza: halafu? Tangu aondoke hakuna aliyeniuliza halafu. Nina hamu naye hadi naona aibu.

Mpango: akiingia ukumbini aikute picha yangu ukutani, kati ya magwiji wa idara. Mkuu wa Idara, niliyemfundisha mwenyewe, amesema ukuta ni wa walioandika vitabu. Nimemjibu changu kipo njiani. Amesema kipo njiani tangu yeye akiwa mwaka wa kwanza. Hana adabu!

Jumanne, 10 Juni

Wenzangu wakila chakula cha mchana, nimeitundika picha yangu. Safu ya juu kabisa! Fremu ya dada yangu. Picha ya harusi yake nimeihifadhi chini ya godoro.

Jumatano, 11 Juni

Balaa. Safu ya juu ni ya marehemu.

Nimewakuta wanafunzi wamesimama mbele ya picha yangu, kimya, vichwa chini. Mmoja kageuka, kanitazama, kanipa pole, kauliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo, tena tulipendana sana.

Mkuu kaishusha. Dada kaidai fremu yake na kuniita mtu mzima hovyo.

Alhamisi, 12 Juni

Sikati tamaa. Meza za ukumbini zimepangwa vibao vya majina. Changu nimekihamisha kutoka mlango wa jikoni hadi meza kuu, kushoto kwa Profesa. Cha Mkuu kimekwenda jikoni. Haki bin haki! Nimefanya mazoezi ya kusema habari za siku nyingi mbele ya kioo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekaa! Profesa kanishika kwa mikono miwili, kasema sijabadilika hata chembe. Moyo paa!

Kisha akasimama kuhutubia. Akaeleza kitabu cha utafiti wake kilichoipa idara jina, kuhusu watu wanaozeeka maofisini wakisubiri kutambuliwa. Aligawana ofisi na mtafitiwa mmoja, akamwacha aseme kila saa ya chai. Kwa maadili ya kazi jina alilificha. Alimwita Bwana Kesho. Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Mkuu naye alicheka, kutoka kule jikoni, mpaka aliponitazama. Akaacha.

Kweli Profesa aliwahi kuniomba ruhusa anichunguze kwa karibu. Mimi nikadhani ni posa!

Alipokaa alininong'oneza kwamba bila mimi kitabu kisingekuwepo. Nikasema si neno. Ni neno. Inauma, inauma kweli, na chai yote nimeimwaga kwenye kitambaa cha meza.

Jumamosi, 14 Juni

Dada anasema nilitumiwa, nimsahau. Dada hajui sosholojia. Idara nzima ilijaa watu na matatizo yao, naye akanichagua mimi! Halafu utafiti mzuri lazima ufuatiliwe.

Nimemwandikia Profesa kwamba Bwana Kesho yu tayari kwa awamu ya pili. Hajajibu, bila shaka anatafuta ufadhili. Nimefuta vumbi kiti chake ofisini. Sasa natafuta mkasa mpya, asije akafika nikawa sina la kumsimulia.