Ziara za Kushtukiza za Mkurugenzi Mkuu

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Usalama wa Safari inautaarifu umma kwamba Mkurugenzi wake Mkuu hajapotea, hapotei, na hana mpango wa kupotea. Anayesema kapotea ana lake jambo. Mimi, Naibu wake, nimelithibitisha hilo mara nyingi nikiwa nyuma yake.

Ni kweli mheshimiwa anapenda kuendesha gari mwenyewe. Ni kweli pia kwamba asubuhi moja alitoka nyumbani kwenda ofisini, njia aliyoipita miaka nenda rudi, akaibukia kwenye kiwanda cha magodoro. Watu wa idara nyingine wangebabaika. Sisi tuliokuwa kwenye msafara tulishuka, tukayabonyeza magodoro, tukatoa onyo kali. Jioni nikaandika taarifa: ziara ya kushtukiza. Tangu hapo mheshimiwa ameshtukiza banda la kuku, karakana ya majeneza na ukuta wa jirani yake. Ukuta ulikutwa na kasoro.

Mkewe hakuridhika. Alikuja ofisini kwangu bila miadi, na hata kukaa hajakaa, akaanza.

"Mwanangu, mume wangu anaumwa. Daktari kasema ni ugonjwa wa kusahau, asishike tena usukani. Mnyang'anyeni funguo."

"Mama, Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Safari anyang'anywe funguo? Umma utatuelewaje?"

"Jana nusura amgonge yule baba wa mkokoteni wa viazi. Kajitupa mtaroni, viazi huku, yeye kule. Kapona jana, kesho je? Naogopa, mwanangu. Kila siku napanda naye, nasema kama ni kufa tufe wote. Lakini yule wa mkokoteni kakosa nini?"

Nilimpa pole na maji ya kunywa, kisha nikaunda kamati. Kamati ilikaa hotelini, ikala, ikachambua, ikabaini kwamba mheshimiwa hasahau. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa mahali salama kiasi kwamba hata yeye hazifikii. Ikapendekeza wenye mikokoteni wapewe semina. Wapo waliodai tunamng'ang'ania mzee kwa sababu akiondoka yeye, atakuja mtu mpya na sisi tutatimuliwa. Hayo ni maneno ya vijiweni. Kwamba tungetimuliwa ni kweli, lakini ni maneno ya vijiweni.

Basi leo asubuhi msafara umeondoka kama kawaida. Mheshimiwa mbele na mkewe pembeni, sisi nyuma na ving'ora vyetu. Lami ikaisha. Nyumba zikaisha. Njia ikagawanyika, ikagawanyika tena, na mheshimiwa hakusita popote, jambo lililotutia moyo sana. Hatimaye akasimama kwenye tanuru la matofali lisilo na moto wala mtu. Tukashuka, tukaanza kukagua matofali.

Mheshimiwa akanijia.

"Naibu, hapa ni wapi?"

"Ni hapa hapa, mheshimiwa."

"Hapa hapa ndiyo wapi?"

"Ulipopachagua wewe, mheshimiwa."

"Mimi sijachagua kitu. Sijui nilipo. Akili yangu siku hizi inanitoka, na naogopa nitaua mtu. Nilikuambia, au sikukuambia? Funguo si nilikuachia mezani?"

Ni kweli, alikuwa akiziacha mezani kwangu karibu kila jioni. Nami, kwa uadilifu wangu, nilikuwa nikimkimbilia nazo hadi kwenye maegesho.

"Ulikuwa umezisahau, mheshimiwa."

"Nilikuwa nakupa, wewe!"

Maofisa wote wakayakazia macho matofali. Mzee akamgeukia mkewe, akamtia funguo kiganjani.

"Mama watoto, endesha wewe. Nipeleke nyumbani."

"Twende, mzee wangu."

Akamfunga mkanda, akamfuta jasho, akageuza gari kwa mkono mmoja. Kumbe mama anaendesha kutushinda sote! Dereva wangu akataka kuwafuata, nikamkataza. Kanuni za msafara ziko wazi: tunafuata gari linaloendeshwa na Mkurugenzi Mkuu, si na mke wa mtu. Tukasimama kwa heshima mpaka vumbi likatulia. Ndipo ikabainika kwamba wakati wa kuja, kila dereva alikuwa akitazama gari lililo mbele yake tu.

Simu tunazo. Tatizo ni kwamba tukimpigia mtu atatuuliza tuko wapi.

Hivi punde amepita mama mmoja na ndoo ya maji. Akazitazama suti zetu, akayatazama magari, akatuuliza kama tumepotea.

"Mama," nikamwambia, "sisi ni Idara ya Usalama wa Safari."

Akatua ndoo. Nilidhani atacheka, lakini aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Jamani, baba zangu, hamna watu nyumbani wa kuwaangalia?"

Nimemwahidi jibu la maandishi.