Chafya ya Bi Tundu na Kiatu Kikavu

Tulieni, enyi mlioketi na mliosimama mlangoni. Mwenye mtoto ambembeleze, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Vita vya wafalme vimeshasimuliwa hadi vikachosha masikio. Leo zamu ni ya chafya.

Bi Tundu, mama wa subira, mtoboa matundu elfu, alikaa miaka kumi na mmoja kwenye benchi la vifungo, pembeni kabisa, mahali ambapo jua halijawahi kubisha hodi. Macho yakaanza kumgomea. Uzi ulimzungusha mara nne, mara tano, kabla ya kukubali kuingia kwenye sindano. Ndipo Jumatatu ile shemeji yake, Fundi Mkuu, mdogo wa marehemu mumewe na mwenye duka la ushonaji, akamkabidhi cherehani ya dirishani. Penye mwanga ule uzi uliingia mara ya pili tu, naye akajifuta machozi kwa pindo la koti la mteja.

Lakini ukutani palikuwa na amri, imeandikwa kwa chaki, kwa mkono wa Fundi Mkuu mwenyewe: ATAKAYEHARIBU NGUO YA MTEJA, AWE NANI AWE NANI, ATAKAA KWENYE VIFUNGO.

Ikawa siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Msumeno, fundi wa makoti aliyelimezea mate dirisha lile miaka na miaka, akakung'uta koti lililojaa vumbi la chaki. Wingu jeupe likapanda, likavuka chumba bila haraka, likaingia puani mwa Bi Tundu. Shujaa wetu alipigana. Alibana pua, akang'ata mdomo, akamtaja Mola wake. Wapi. Chafya ikatoka, kichwa kikaenda mbele, kiwiko kikaenda nyuma, kikakumba kopo la maji ya kunyunyizia nguo, na maji yakatua juu ya kiatu cha kulia cha Fundi Mkuu, kiatu kipya kilichonunuliwa jana yake, huku yeye amesimama akipiga pasi suruali ya kijivu. Fundi Mkuu akainama kukiokoa kiatu. Pasi akaiacha kifudifudi juu ya nguo. Alipoinuka, goti la suruali lilikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili, kuanzia ncha hadi kisigino.

Na mwenye suruali alikuwa ameketi papo hapo akiisubiri. Alikuwa Mzee Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye kwa miaka thelathini aliandika hukumu za watu wengine bila kuulizwa hata siku moja yeye anaonaje.

"Shemeji," Fundi Mkuu akasema kwa huzuni, "amri unaijua. Sina la kufanya."

Bi Tundu akaanza kukusanya sindano zake. Hakuogopa benchi, aliogopa giza lake, maana alijua macho yale hayatamalizia mwaka kule.

"Rudisha sindano, mwanangu," akasema Mzee Karani, akikunja gazeti. "Suruali ni yangu, kwa hiyo kesi ni yangu. Nani anashtaki?"

Msumeno akasimama, akavuta shati. "Mzee wangu, jambo hili halina kona. Bila chafya kopo lisingeanguka. Bila kopo kiatu kisingelowa. Bila kiatu kulowa, pasi isingeachwa. Chanzo ni pua ya dada huyu."

"Na nyuma ya pua kuna aliyekung'uta koti. Nirudi nyuma hadi huko?"

Msumeno akaona hakuna haja.

"Bi Tundu, ulikusudia kupiga chafya?"

"Hapana, mzee. Mwili ulinitangulia, mimi nikafuata."

"Basi kiwiko kilirushwa, hakikutumwa. Mtu hahukumiwi kwa mkono ambao hakuutuma."

"Lakini chafya zake anazijua," Msumeno akadakia. "Kila siku chaki, kila siku chafya. Kopo nani aliliweka karibu na kiwiko?"

Bi Tundu angeweza kusema hakumbuki, na nani angembishia? Akalitazama dirisha kama mtu anayeaga.

"Niliweka mimi," akasema.

Mzee Karani akaomba kitambaa chakavu, pasi iliyo moto vilevile, na maji. "Fundi Mkuu, fanya tena kama ulivyofanya. Usipunguze, usiongeze."

Maji yakamwagwa. Fundi Mkuu akaiacha pasi, akainama, akafuta kiatu cha kulia.

"Simama hapo hapo. Inueni pasi."

Kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyozaliwa. Pasi ikarudishwa.

"Endelea."

Fundi Mkuu, akiwa bado ameinama, akahamia kiatu cha kushoto, akakifuta mbele, akakifuta nyuma, akakipulizia pumzi, akakifuta tena. Moshi ukapanda.

"Kiatu cha kushoto kililowa?"

"Hakikulowa, mzee."

"Sasa ulikuwa unakifutia nini?"

Fundi Mkuu akafikiri, jasho likimtoka. "Nilikuwa nimeshainama."

Mzee Karani akasimama. Sauti iliyosubiri miaka thelathini ikatoka ikitetemeka. "Kopo ni kosa la Bi Tundu, naye atakausha sakafu. Lakini maji yalilowesha kiatu kimoja tu, na kiatu hicho hakikuunguza kitu. Suruali imeunguzwa na kiatu kikavu, nacho kilifutwa na mtu aliyekuwa na akili zake, kwa hiari yake, bila kupiga chafya. Mnyororo wa chafya ulikatikia hapo."

Kila jicho likageukia ukutani, kwenye amri. Fundi Mkuu akausoma mwandiko wake mwenyewe, AWE NANI AWE NANI, akashusha pumzi, akaenda kuketi kwenye benchi la vifungo.

"Shemeji," akaita baada ya kitambo kutoka pembeni, "hivi huku ulikuwa unaonaje?"

"Nilikuwa sioni," akajibu Bi Tundu.

Fundi Mkuu akainuka, akaifuta amri ukutani kwa kiganja, kisha akarudi kuketi palepale.

Bi Tundu akakausha sakafu, akaliweka kopo mbali, akaketi dirishani. Akalamba ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga. Na iandikwe, wajukuu waje wasome: Alhamisi ile, mbele ya mashahidi watatu, uzi uliingia mara ya kwanza.