Dozi kwa Cheo

Wananchi walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, dozi ya dawa haitapimwa tena kwa uzito wala umri wa mgonjwa, bali kwa cheo chake. Waraka huo Mkurugenzi wa Dawa aliuandika mwenyewe, na kila akiusoma moyo wake ulisuuzika. Haki iko wapi, jamani, mkurugenzi mzima ameze kidonge kimoja sawa na dereva wake?

Kwenye kikao cha kuupitisha, mfamasia wa zahanati ya wizara peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. "Mheshimiwa, dawa ikizidi kipimo inageuka sumu."

"Hayo ya vitabuni, mama. Huku tuna itifaki."

Makofi yakapigwa, waraka ukapita. Karani mwenye homa akapewa robo kidonge na kushauriwa augue kulingana na ngazi yake ya mshahara.

Sasa, Mkurugenzi naye ni binadamu. Vikao vya wiki nzima vilimfunga choo, tumbo likawa gumu kama ngoma, na siku yenyewe ndiyo ile Waziri alikuwa anakuja kutangaza Katibu Mkuu mpya. Nafasi hiyo aliililia miaka mingi. Mkewe alishashona gauni.

Asubuhi na mapema akaingia zahanati. "Nipe cha kulainisha choo. Leo ndiyo leo!"

"Kimoja kinatosha. Panda mizani kwanza."

"Mimi gunia? Waraka unasemaje?"

"Mkurugenzi, vidonge vinane. Lakini nakuomba sana, Mheshimiwa, madhara yake..."

"Lete."

Akavimeza vyote. Hadi mchana, kimya. Akampigia mfamasia simu kumcheka: "Unaona? Mwili wa mkubwa unahimili." Mfamasia akamjibu kwamba dawa hii huchukua saa kadhaa kuanza kazi. Mkurugenzi akakata simu, hakupenda kufundishwa.

Alasiri, ukumbi ukiwa umefurika, Waziri akashika kipaza sauti. "Namwita mbele mchapakazi asiyechoka..."

Tumbo likanguruma. Mchapakazi akainuka, akashika njia ya mlangoni, mbio. Akarudi anafuta jasho. Akaitwa tena, akatoka tena.

"Huyu kazi anaikimbia," Waziri akasema. "Ukatibu ni kazi ya kukaa. Nani hapa anaweza kukaa?"

Naibu Mkurugenzi hakuwa amebanduka kitini tangu asubuhi. Akateuliwa papo hapo. Mkurugenzi, chooni, aliyasikia yote dirishani, pamoja na yake: uteuzi wake wa ukurugenzi umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Aliumia, lakini nafasi ya kulia hakuipata.

Akajikokota hadi zahanati, midomo imemkauka. "Mama, nakufa! Nipe cha kuzuia."

"Mkurugenzi angestahili vinane," mfamasia akasema, akifunua waraka. "Wewe kwa sasa ni nani?"

"Bado sijapangiwa."

"Basi uko kifungu cha mwisho. Asiye na cheo ataonyeshwa dawa na kupewa pole."

"Nakijua kifungu hicho," akajibu kwa sauti ndogo.

Mfamasia akachukua kidonge kimoja, akakiinua karibu na taa ili kionekane vizuri.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Pole sana, kaka."

Akashukuru kwa huduma, kisha akatimua mbio.